Neno "Quick" na Mpaka wa Masale

Wiki chache zilizopita jirani yangu wa hapa Shirimatunda, pembeni mwa Moshi, aliamua kujenga ukuta wa matofali, na vijana wake wakafyeka masale yote yaliyokuwa yanatenganisha kiwanja chake na changu. Nilirudi kutoka mjini nikakuta lundo kando ya barabara, na ile harufu ya majani mabichi yaliyopigwa panga, imechanganyika na udongo wa mvua, ikaniingia puani kabla sijashuka kwenye bodaboda. Nikasimama pale na mfuko wangu wa nyanya, nacheka peke yangu. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia niko salama kabisa mwanangu, ila nimekumbuka neno moja la Kiingereza. Aliondoka kwa mwendo mkubwa kuliko aliokuja nao.

Kwa msiotoka huku, isale ni mmea mwembamba, mrefu, wenye majani marefu ya kijani yasiyochoma. Ndio ukuta wetu. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinashika, na ukikisahau hapo chini kinaweza kuota bila hata kukuomba ruhusa. Nyumbani kwetu Uru, huko mlimani juu ya mji wa Moshi, hakuna aliyehitaji seng'enge kujua shamba lake linaishia wapi. Masale yalisema. Wakubwa walikuwa na kazi nyingine pia kwa mmea huo, lakini kazi hiyo hawakuelezwa watoto, na hapo ndipo kisa changu kilipoanzia.

Baba yangu alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu alibaki kwenye nyumba ya wazazi pamoja na Bibi. Kaka yake, Baba Mkubwa, alikuwa amegawiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha pembeni, na kati ya migomba yetu na migomba yake ulipita mstari wa masale. Babu alipozikwa tu, ugomvi ukazuka. Baba alikaa kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema mbele za watu kwamba kaka yake amesogeza masale hatua moja kuja upande wetu. Huku kwetu kumwambia mtu amehamisha masale ni kubaya kuliko kumwita mwizi, maana wazee wetu tunawazika shambani, na mwizi anaiba kitu, huyu anaiba kaburi la baba yake. Maneno yalimfikia Baba Mkubwa kabla kata ya mbege haijamaliza kuzunguka. Tangu hapo ndugu wale wawili hawakusemezana. Kanisani mmoja alikaa upande wa Bikira Maria, mwingine upande wa Mtakatifu Yosefu, na wakati wa kupeana amani kila mmoja aliwashika mikono watu asiowajua.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Bibi. Alikuwa mpishi wa mbege anayejulikana mpaka vijiji vya jirani, lakini aliweka chini mapipa yake akasema, "Sipiki pombe ya kunywewa na nusu ya watoto wangu." Nyumba yetu ikawa haina sherehe. Na sisi watoto tukapewa amri moja tu, ambayo Baba aliitoa huku akinoa panga: "Atakayevuka masale yale, tutajuana." Tulimfahamu Baba na fimbo yake ya mbuni, ule mti wa kahawa, kwa hiyo hatukuuliza maswali.

Lakini mimi nilikuwa naumwa kwa namna yangu. Baba Mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na kabla ya ugomvi nilishinda kwake. Alikuwa na kamusi kubwa kupita Biblia ya padri, jalada limekatika mgongoni, inanuka moshi na dawa ya nondo. Alikuwa akiniambia chagua neno lolote, kisha analisoma kwa sauti yake nzito mpaka neno lile linakuwa kama mtu niliyemjua. Nilimpenda mzee yule. Nilimpenda kuliko nilivyojua kusema, na kila jioni nilisimama kwenye migomba yetu nikamwona ng'ambo ya masale akipepeta maharage, nami siwezi hata kumwamkia.

Sasa, nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam, alituletea shindano. Niwaambie mapema kwamba sikushinda, msije mkakaa mnangoja zawadi yangu. Alikuja na boksi la chaki limejaa vikaratasi, na kwenye kila kikaratasi kuna kivumishi kimoja cha Kiingereza, vile vya kila siku ambavyo hata konda wa basi anavijua. Kila mmoja alitakiwa kuchota kimoja, kisha siku ya kufunga shule asimame mbele ya wazazi aeleze neno lake lina maana gani na limetoka wapi. Deo, aliyekaa nyuma yangu, alichota "nice" akashangilia kama timu yake imefunga bao. Mimi nikachota "quick". Darasa zima likacheka. Nani asiyejua maana ya quick? Madam mwenyewe alikuwa akituimbia quick, quick kila tukichelewa mstarini.

Nikanyoosha mkono. "Madam, langu ni haraka. Nimemaliza."

"Haraka ni leo, Manka," akasema. "Mimi nataka unieleze lilipokuwa mtoto lilikuwa nani. Maneno nayo yana ukoo. Kalitafute."

Mwenzenu nilishikwa na homa. Siku hizi mtoto wangu akitaka asili ya neno anaiuliza simu, na jibu linakuja kabla hajamaliza kupiga miayo. Enzi zile shule ilikuwa na kamusi moja nyembamba, imechanika kuanzia herufi ya T, na maana ya quick iliyoandikwa mle ilikuwa ile ile niliyokuwa nayo. Nilimuuliza padri, akaniambia yeye anajua Kilatini na Kiitaliano, Kiingereza hakikumfikia vizuri. Deo tayari alikuwa amepata lake kwa mjomba wake aliyeko chuoni, kwamba "nice" zamani lilimaanisha mjinga, asiyejua kitu, na alikuwa akimwita kila msichana wa darasa letu nice kisha anakimbia. Nilijua kuna kitabu kimoja tu kitakachoniokoa, na kitabu chenyewe kiko ng'ambo ya masale.

Hapo akili yangu ya mtoto ikafanya kazi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona jambo. Kijana mmoja wa jirani aligonga mbuzi wa mzee fulani kwa baiskeli, mbuzi akafa, na kila mtu akasema mzee yule atamkata miguu. Lakini kijana alikwenda kwa mzee asubuhi, ameshika isale lenye jani lililofungwa fundo, amelinyanyua kwa mikono miwili. Nami nilikuwa njiani kwenda mferejini kuchota maji, nikasimama kuangalia. Sikusikia walichoongea. Niliona tu mzee amelipokea isale, kijana amepewa kigoda, na kata ya mbege imeletwa. Nikahitimisha kwamba ukishika isale lenye fundo unaruhusiwa kuingia kwa mtu mzima yeyote kuomba kitu, hata kama amenuna. Kwangu mimi lilikuwa kama tiketi.

Ijumaa mchana Baba aliteremka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe. Nikangoja mpaka mlio wa toroli lake ukapotea, nikaingia mpakani, nikavunja ncha ya isale moja zuri lenye majani yanayong'aa. Fundo sikulijua linafungwaje, kwa hiyo nikafunga jani kama nilivyofunga kamba za viatu vya shule, na masikio yake mawili yakasimama wima. Nikajiona nimependeza. Nilipogeuka nikamkuta Bibi ameketi mlangoni na ungo wa kahawa, ananitazama.

"Manka, unakwenda wapi na hilo?"

"Naenda kuomba, Bibi."

Aliniangalia mimi, akaliangalia isale, akaangalia upande wa Baba Mkubwa. Nilishasikilizia fimbo mgongoni. Lakini Bibi aliinamisha kichwa akarudi kuchambua kahawa yake, akasema tu, "Basi shika kwa mikono miwili."

Nilivuka. Sikumbuki nilikanyaga nini. Baba Mkubwa alikuwa barazani anarekebisha redio, miwani imeteremka puani. Aliponiona alifurahi kwanza, uso wote ukafunguka, kisha akaliona isale. Bisibisi ikamponyoka. Akasimama, akavua kofia yake, akaibana kwapani.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nikasema, nimelinyanyua juu.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka nyumbani?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Nilikuwa nataka kuomba…"

"Usiseme," akanikatiza. "Anayeleta hili hatakiwi kusema. Limeshasema lenyewe."

Akalipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza, akaligusa lile fundo langu la viatu, sikio moja kisha la pili. Kisha akaita kwa sauti iliyokwaruza, "Mama Aloyce! Njoo uone!" Mama Mkubwa akatokea jikoni mikono imejaa unga, akaliona lile jani mikononi mwa mumewe, akajishika kiuno akasema "Mae! Yesu wangu!" akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akanikumbatia mpaka nikawa mweupe mwili mzima. Mimi nilistaajabu. Nikawaza, kumbe nyumba hii wanapenda mtoto anayependa kusoma kiasi hiki! Nikaona hata shuleni ningepaswa kutembea na isale.

"Haya," Baba Mkubwa akasema baada ya kupenga kamasi, "na wewe mwenyewe, ulikuwa unataka nini?"

"Neno, Baba Mkubwa. Quick. Lilipokuwa mtoto lilikuwa nani?"

Laiti mngemwona! Aliingia ndani karibu anakimbia, akatoka na kamusi ameikumbatia kifuani, akaipuliza vumbi likatupigisha chafya sote wawili. Akafungua, akatembeza kidole, na ile sauti niliyoikosa ikarudi. Waingereza wa kale, akasema, hawakulijua quick la haraka. Kwao lilikuwa na maana ya hai. Kitu chenye uhai. Katika sala zao za zamani, pale ambapo sisi kwenye Nasadiki tunasema wazima na wafu, wao walisema quick ndio wazima. Halafu polepole watu wakaona kwamba kilicho hai kinatikisika, na kinachotikisika kinakwenda, na kinachokwenda sana kina haraka, basi neno likahama taratibu mpaka likasahau lilikotoka. "Na lina ndugu," akaongeza, amenyanyua kidole kama yuko ubaoni, "ndugu yake yuko kwenye Kilatini cha padri wako, lile vivus, nalo ni hai. Ukoo mmoja, ila walitengana zamani."

Nilitetemeka kwa raha. Nikamwambia aendelee. Akanishika kidole gumba, akaubonyeza ukucha wangu pale unapoingia nyamani, nikaruka. "Umesikia? Mwingereza hapo panapouma anapaita quick. Nyama iliyo hai. Na ile zebaki ya kwenye kipimajoto, inayokimbia ukikivunja, waliiita fedha iliyo hai. Na mama akisikia mtoto tumboni anacheza kwa mara ya kwanza, wana neno linalotokana na hilo hilo." Kisha akatazama kule mpakani. "Na wakulima wao, badala ya kujenga ukuta, walipanda miti midogo midogo ikashikana ikawa uzio. Uzio wa namna hiyo nao waliuita quick. Uzio ulio hai."

"Kama masale!" nikapiga kelele.

"Kama masale," akasema. "Kabisa."

Sijawahi kukimbia kama nilivyokimbia siku ile kurudi nyumbani. Nilihisi nimefunguliwa macho. Nilimwambia ng'ombe kwamba yeye ni quick, nikawaambia kuku, nikaubonyeza ukucha wa mdogo wangu mpaka akalia. Kitu kilikuwa mbele yangu maisha yangu yote, nimekipita kila siku nikienda mferejini, na kumbe watu wa nchi ya mbali waliwahi kuwa na neno lake. Bibi aliniona nikiruka ruka uwanjani, hakuniuliza kitu. Nikalala na furaha yangu, bila wasiwasi wowote, maana Baba alirudi na majani yake na hakuna aliyemwambia neno.

Kesho yake, Jumamosi, kama saa nne za asubuhi, Baba alikuwa bandani anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Bibi alikuwa pale pale mlangoni, mimi nafagia uwanja. Ghafla sauti ikatoka mpakani.

"Hodi!"

Baba alisimamisha panga hewani. Sauti ile haikuwa imepiga hodi kwetu tangu siku ya msiba wa Babu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama upande wake wa masale, amevaa koti lake la kwenda misa, kofia mkononi, Mama Mkubwa nyuma yake na kitenge kipya. Na kwenye mkono wake wa kulia alikuwa ameshika lile isale langu, masikio yake mawili bado yamesimama.

"Karibu," Bibi akaitikia.

Akavuka. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama mbele ya Baba. "Prosper," akasema, "nimelipokea. Ulilituma jana nikalipokea, na leo nimekuja kwa miguu yangu kukuambia sina neno na wewe moyoni. Limekwisha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mpigo, ufagio ukanitoka mkononi. Yule kijana wa mbuzi hakwenda kuomba kitu, alikwenda kuomba msamaha. Isale lenye fundo ni msamaha wenyewe, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa, hata awe na hasira za kuchoma nyumba. Mimi nilikuwa nimempelekea Baba Mkubwa msamaha wa baba yangu, baba yangu ambaye alishaapa mbele ya kilabu kizima kwamba afadhali ale udongo kuliko kuomba radhi. Nikatamani ardhi ipasuke. Niliona wazi kitakachotokea. Baba atasema "Sikutuma mtu," neno moja tu hilo, na kaka yake ataondoka uwanjani kwetu na koti lake la misa na aibu ambayo hakuna isale litakaloiponya, na Bibi atakufa akiwa na watoto nusu. Tena kwa ajili ya kivumishi.

Baba alilitazama isale. Alilitazama sana lile fundo la kamba za viatu, ambalo hakuna mtu mzima wa Uru angelifunga. Kisha akageuka akanitazama mimi. Sikuweza kutazama chini. Akamtazama Bibi, na Bibi alikuwa amekunja mikono mapajani kama yuko kanisani, anangoja. Nilisikia ng'ombe akitafuna.

Kisha akaliweka panga chini.

"Nilimtuma mimi, kaka," akasema. "Ningekuja mwenyewe. Niliona haya."

"Najua," Baba Mkubwa akamjibu.

Najua! Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile mwili unanisisimka. Mwalimu aliyefundisha watoto maisha yake yote, aliyefunga kamba za viatu vya mamia yetu, alikuwa amelijua fundo lile tangu barazani kwake, na Mama Mkubwa alilijua, na Bibi alilijua kabla ya wote. Walikuwa wamechoka kugombana, wote, na walikuwa wanangoja mtu asiyejua chochote awapitishe. Wale ndugu wawili walishikana mikono, halafu wakashikana mabega, na Baba yangu, ambaye hakulia hata siku ya kumzika Babu, alilia kwa sauti mbele ya ng'ombe wake. Mimi nilirukaruka. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kuruka, nikamrukia mdogo wangu tukaanguka wote kwenye takataka nilizozifagia.

Baba alimsindikiza kaka yake mpaka kwake. Walikaa huko muda mrefu, nikasikia wanacheka, kicheko cha Baba ambacho nilikuwa nimeshakisahau. Aliporudi kupitia masale aliniita bandani peke yangu. Nikajua sasa ndio zamu ya fimbo ya mbuni, na kwa kweli niliona ni halali. Nikasimama mbele yake nimeyafumba macho.

"Ulikwenda kule kutafuta nini?"

"Neno la Kiingereza, Baba."

"Umelipata?"

"Nimelipata, Baba."

Akachukua panga lake, akaendelea kukata mgomba, na kwa muda nikafikiri mazungumzo yameisha. Kisha akasema bila kunitazama, "Haya. Ukikwama na lingine, njia unaijua."